Mgongo wa Lori

Nimelichora sakafuni kwa chaki,
gari zima, ukubwa wake wenyewe:
mita tatu na sentimita sabini toka pua hadi mkia,
magurudumu manne kama sahani zilizooshwa.
Karakana yangu hapa Katuba ni fupi,
buti ya gari imetokeza barabarani,
wapita njia wanairuka.
Mmoja alipiga hodi.

Bwana Kabwita anataka chuma.
"Weka nene, mama fundi, weka ya milimita nane,
mimi si mtu wa kurudi kwa fundi."
Gari ni la marehemu dada yake, mkunga.
Injini haikohoi tena, na watoto wako Kolwezi,
wanataka tu kuifungua na kuifunga milango yake.
Namwambia: kila kilo unayoiongeza kwa woga
lori litaibeba kwenda na kurudi,
na mafuta hayajui kwamba uliogopa.

Tulilipima kwanza, kwenye mizani ya depo ya mahindi,
miguu ya mbele, kisha ya nyuma:
mia tano na kumi; mia tatu na arobaini.
Mujinga wa depo akaandika kwenye daftari lake
"gari, gunia 34,"
akacheka peke yake.

Basi najua uzito unaketi wapi.
Boriti mbili ndefu, za herufi U, zitalala juu ya chasisi.
Za kukingama ni tisa, ila zisipangwe kama meno ya kitana:
zisongamane pale magurudumu yatakapokanyaga,
katikati ziachane, pale panabeba hewa.
Bati la milimita nne, lenye vipele,
kwa ajili ya matope ya Novemba.
Matundu ya maji, maana maji yaliyotuama hula kimyakimya.
Na pete za mikanda zishike boriti, si bati.
Bati ni ngozi tu.
Nani humfunga mbuzi kwa manyoya?

Na kati ya chuma na chuma, ubao.
Mubanga, ule mti unaopinda misumari,
ukanda mmoja kila upande, urefu wote;
boliti za nyuma zikazwe,
za mbele zipewe springi, zipumue.

"Mbao?" asema Kabwita. "Nimelipia chuma."

Hapo ningemweleza habari za baba.
Baba alichomelea jukwaa lake moja kwa moja kwenye chasisi,
mshono wa kuvuka toka upande hadi upande,
mzuri, mzuri mno, kama ukili uliosukwa.
Jukwaa gumu lisilokubali neno.
Njia ya Likasi ikalisokota lori mashimoni
kama nguo inavyokamuliwa,
chasisi ikataka kujipinda kidogo,
ikanyimwa ruhusa.
Ikakatikia palepale mshononi.
Friji sita zikalala majanini.
Hakufa mtu. Lilikufa jina:
tangu hapo tuliletewa masufuria ya kuziba.

Sikumweleza. Nilisema tu,
"Barabara italipinda lori lako, upende usipende.
Mimi nachagua mahali pa kupindia."
Akazitazama mbao. Akatoa sigara, hakuiwasha.
"Haya."

Umeme ulikatika mara mbili.
Ulirudi saa nane za usiku, kama mdeni mwenye haya,
tukachomelea hadi jogoo,
mkono wangu ukinuka nywele zilizoungua.

Asubuhi gari likapanda, pua mbele,
kwa winchi ya mkono, meno kwa meno.
Gurudumu la mwisho lilipoiacha ngazi
jukwaa lote likatoa sauti, nyiii, ndefu,
ubao ukijifunza chuma.

"Linalia," akasema Kabwita.
Niliona shingo yake.
"Ndiyo," nikasema. "Liache lilie."

Lori limekwenda. Chaki imebaki.
Mtoto wa jirani, Kazadi, ameketi sakafuni
mahali pa dereva, hasa, sijui nani kamwonyesha,
anazungusha hewa kwa mikono miwili.
Anapiga honi.
Ananiuliza natoka lini njiani.